Nyumba Iliyotoka Jasho

Hadithi hii si tamu. Anayetaka tamu akatafune muwa, arudi tukishamaliza. Hii ni hadithi ya kisasi, na kisasi kina wenyewe. Taabu yake ni kwamba wenyewe wako watatu na kisasi ni kimoja. Kaeni vizuri, msinikatize, maana mwisho nitawauliza, na nitakayemkuta amesinzia ndiye nitakayeanza naye.

Hapo kale ambapo si kale sana, milimani Rungwe, kule mvua ikianza kunyesha husahau kuacha, palikuwa na watu watatu wa nyumba ya Mwaisumo. Jina la kijiji sitalitaja. Wenyewe wangali hai, na hasira zao zingali hai vilevile.

Wa kwanza alikuwa Subilaga, mke wa Lwitiko. Kipawa chake kilikuwa kutosahau. Ukimwambia neno leo, jema au baya, mwakani atakurudishia lilivyo, pamoja na kikohozi ulichokohoa katikati. Watu wema walimpenda kwa hilo, na watu wabaya walimkwepa.

Wa pili alikuwa Tusekile, dada yake Lwitiko, kwa hiyo wifi yake Subilaga. Huyu ndoa ilimshinda, akarudi kwa baba yake, akawa anaponda kokoto kando ya mto. Kipawa chake kilikuwa mkono. Akiligonga jiwe, lilipasuka pale alipotaka yeye, si pale lilipotaka jiwe.

Wa tatu alikuwa baba yao, Mzee Mwaisumo, na kipawa chake kilikuwa ulimi. Hakuwa msemaji, lakini alichokisema kilikuwa kweli, na kijiji kizima kilijua hivyo. Watu wakigombania mpaka wa shamba walimwita yeye, na ubishi uliishia pale alipofungua kinywa.

Nitawapa na wa nne, ambaye sikumbuki kama alikuwa na kipawa chochote ila mdomo. Huyu ni Gwakisa, mtoto wa kwanza wa Mzee, fundi ujenzi. Mkae naye macho.

Sasa nyinyi mliozaliwa mjini niwaeleze jambo moja, maana bila hilo hamtaelewa kitu. Kwa wazee wa kule, mke wa mwana na baba mkwe hawaonani. Si ugomvi, ni heshima. Mke akisikia mkwe anakuja, anapisha, anajichomeka migombani mpaka mzee apite. Hamsemeshi, hali naye, hatii mguu uwanjani kwake. Siku hizi wengi wamelegeza. Mzee Mwaisumo hakuwa mtu wa kulegeza, na Subilaga alilelewa akaleleka.

Lwitiko alipotaka nyumba, baba yake alimkatia kiwanja ubavuni mwa kwake, na kaka yake Gwakisa akaijenga. Ilikuwa nyumba nzuri ya tofali za kuchoma, bati jipya na dari. Mbele ilikuwa na madirisha makubwa. Nyuma, upande wa kwa Mzee, ulikuwepo ukuta mtupu uliopigwa lipu laini, na nje yake uzio mrefu wa mianzi ili mkwe na mkwe wasionane. Kati ya uzio na ukuta palibaki uchochoro mwembamba uliojaa upupu, na nani ana haja ya kupita kwenye upupu?

Waliingia kiangazi, wakafurahi. Halafu masika ikaja.

Mnaijua mvua ya Rungwe? Nguo haikauki nje, basi Subilaga alizianika ndani kwa kamba. Jikoni nje hapakaliki, basi maharage yakatokota ndani, na maji ya kuoga yakachemka ndani. Baridi inauma, basi madirisha ya mbele yakafungwa mchana na usiku. Mvuke wote ule ukapanda, ukazunguka, ukakosa pa kutokea. Asubuhi kuta zilikuwa zimelowa na dari inadondosha matone. Nyumba ilitoka jasho.

Kisha ikaja kuvu. Ilianza pembeni mwa dari, vidoa vyeusi vidogo. Subilaga akafuta. Ikarudi. Akasugua kwa majivu, akasugua kwa sabuni na maji ya moto, ikarudi na jamaa zake. Akasogeza kabati akakuta mgongo wake wote umeota manyoya. Kitenge alichoolewa nacho kilitoka sandukuni kina madoa meusi. Unga ukanuka, godoro likanuka. Na mtoto wao Lusajo akaanza kukohoa, kikohozi kile cha filimbi kifuani, ambacho mama akikisikia hali tena chakula kikashuka.

Ukoo ukaitwa kikao. Mzee hakuhudhuria, maana mkwe wake alikuwepo; aliletewa habari baadaye, na aliyempelekea alikuwa Gwakisa. Gwakisa ndiye aliyesimama mbele ya watu.

"Mimi nimejenga nyumba nyingi," alisema. "Nendeni mkaziangalie. Hakuna hata moja iliyoota uchafu huu. Nyumba ni zilezile, mchanga ni uleule, fundi ni yuleyule. Tofauti ni nini? Tofauti ni mwanamke aliyemo."

"Shemeji, unasema nini?" Subilaga aliuliza.

"Nasema ulichokileta kutoka kwenu ukirudishe kwenu. Mtoto ni wetu, atabaki."

Subilaga alimtazama mumewe. Lwitiko alitazama vidole vya miguu yake. Mwanamume mzima, anahesabu vidole ambavyo anavijua tangu kuzaliwa! Basi ndiyo hivyo. Tusekile, wifi mtu, ndiye aliyelitoa godoro la Subilaga nje na kulitupa kwenye tope, na wanawake waliokuja kuchungulia wakapata jina jipya la kumwita. Mama Kuvu. Watoto walimwimbia hilo jina mpaka kwenye kivuko cha mto.

Pale kivukoni aligeuka. Gwakisa alikuwa amemsindikiza, kama vile anasindikiza mgeni.

"Nitarudi, shemeji," Subilaga alimwambia. "Na nikirudi, utatamani nyumba ile ungekuwa huijui."

Gwakisa alicheka. Kumbukeni kwamba alicheka, kwa sababu Subilaga hakusahau.

*

Kwa wazazi wake Subilaga hakulia. Machozi ni ya mtu anayetaka kuonewa huruma, na yeye huruma hakuitaka, alitaka shingo ya Gwakisa. Alipata kibarua kwenye kiwanda kidogo cha chai, kwenye chumba cha kunyausha majani. Kazi yenyewe ni kuyatandaza majani mabichi kwenye vichanja virefu vya wavu, hewa ipite chini na juu, yalegee kabla hayajasagwa.

Siku moja ya mvua wasichana wa zamu waliona baridi, wakafunga madirisha ya upande mmoja, wakayarundika majani mazito mazito ili wamalize upesi. Subilaga alipoingia alisimama mlangoni. Bati lilikuwa linadondosha matone. Alipochomeka mkono kwenye rundo ulitoka umelowa, na majani ya chini yalikuwa yamekuwa meusi. Na ile harufu! Ilikuwa ileile ya godoro lake, ya unga wake, ya nywele za mwanawe.

Msimamizi akaja mbio anafoka. "Nani kafunga huku? Nimewaambia mara ngapi? Dirisha la upande mmoja si dirisha! Hewa iingie huku itokee kule. Isipotoka inaoza humuhumu na chai inaoza nayo!"

Wasichana walikimbilia madirisha. Subilaga hakukimbia. Alikuwa anakumbuka.

Alikumbuka siku aliyowapelekea mafundi chakula, nyumba yao ikiwa bado haijaezekwa, Mzee akiwa amesafiri kwenda msibani. Kuta zilikuwa tofali tupu. Aliinama kuweka sufuria chini, akainua macho, akaona mawingu. Aliyaona kupitia ukuta wa nyuma, ukuta ule wa kwa Mzee, kwenye mashimo mawili ya madirisha, na juu ya kila shimo palikuwa na tofali za matundu. Alipohamia miezi michache baadaye, ukuta ule ulikuwa mtupu. Alikuwa bado mke mgeni mwenye mtoto mgongoni, ameinamisha uso, akaona haya kuuliza. Mke gani anauliza habari ya dirisha linalotazama kwa mkwe wake?

"Aliziba," alisema kwa sauti, peke yake kati ya majani. "Aliziba akijua. Halafu akasema ni mimi."

Kwa miezi yote ile kisasi chake kilikuwa hasira tu, hakina pa kushika. Siku ile kilipata mpini.

Huo ndio mchango wa Subilaga: alijua. Bila yeye, wangesugua kuta zile kwa majivu mpaka leo.

*

Lakini kujua si kuthibitisha. Angesema nini, na nani amsikilize Mama Kuvu? Siku ya gulio alimvizia Tusekile kwenye ndizi.

"Ugonile, wifi," alimsalimu.

Tusekile alishtuka, kisha akainamisha kichwa. "Mama Lusajo. Kama umekuja kunitukana, nitukane tu. Godoro lako nilitupa mimi."

"Najua. Ulianza kulivuta kwa upande wa miguuni, ukasema 'pumbavu'. Mwanangu hajambo?"

Tusekile aliweka chini ndizi alizoshika. "Anakohoa. Mimi ndiye ninayelala naye mle ndani. Kabla ya kuondoka wewe alikohoa, na baada ya kuondoka anakohoa zaidi. Nilimwambia Gwakisa: huyo mwanamke ameondoka, mbona kuvu haikuondoka? Akaniambia mwenyewe ameondoka, dawa yake imebaki."

Subilaga akamweleza habari ya chai na habari ya mawingu. Tusekile alisikiliza huku anaikunja na kuikunjua mikono yake iliyojaa sugu.

"Wifi," alisema hatimaye, "naomba unisamehe."

"Sikusamehe. Nautaka mkono wako tu."

Naipenda sana kauli hiyo. Tusekile naye aliipenda, maana alijua ni ya kweli. Alikwenda zake moja kwa moja, akachukua nyundo yake na tindo, akaingia nyumbani kwa kaka yake mchana kweupe.

"Unafanya nini?" Lwitiko alimuuliza.

"Toa mtoto nje, kisha nipishe."

"Ukuta ukianguka je?"

"Wewe ulisimama siku ile ya kikao na hukuanguka; na huu hautaanguka."

Akaanza kuugonga ukuta wa nyuma kwa ncha ya nyundo, taratibu, sikio amelibandika kwenye lipu. Tofali zilijibu kwa sauti nzito, nzito, nzito, kisha ghafla kwa sauti ya debe. Hapo ndipo alipoweka tindo. Wengine wangeubomoa ukuta wote. Yeye aliumenya. Lipu ilianguka vipandevipande, na chini yake ikajitokeza linta ya zege, ile boriti ambayo fundi huiweka juu ya dirisha, na kamwe haiweki pale pasipo na dirisha. Chini ya linta palikuwa na tofali zilizopangwa ovyo, hata hazikushikana na ukuta. Na juu, kwenye matundu ya hewa, ilikuwa imeshindiliwa mifuko mitupu ya saruji, tundu kwa tundu, kwa mkono wa mtu aliyejua anachokifanya.

Tusekile akazitoa tofali zile za shimo la kwanza, akatoa na za shimo la pili. Akafungua na madirisha ya mbele. Upepo ukaingia kwa upande wa Mzee ukatokea upande wa barabarani, na harufu iliyotoka iliwafanya majirani waliokusanyika wazibe pua. Hakuna aliyesema Mama Kuvu siku hiyo.

Kisha Tusekile na Lwitiko wakafanya kazi ya kawaida, isiyo na uchawi ndani yake. Walitoa kabati na kitanda nje, wakasugua kuta, wakaziacha zikauke. Vilivyooza wakachoma. Waliporudisha kabati hawakulibandika tena ukutani, waliacha nafasi ya mkono kupita. Nguo zikahamia barazani, sufuria zikapata vifuniko, na kila asubuhi, iwe baridi isiwe baridi, madirisha ya pande zote mbili yakafunguliwa mpaka matone yakauke. Kuvu haikurudi. Kikohozi cha Lusajo kikapungua, kikawa cha hapa na pale, kikaisha.

Huo ndio mchango wa Tusekile: alifungua. Bila yeye, maneno ya Subilaga yangekuwa maneno ya mtalaka.

*

Muda wote huo Gwakisa alikuwa kazini mbali. Aliporudi alikuta mjumbe wa nyumba kumi ameitisha baraza, watu wamejaa mbele ya nyumba, na Subilaga, aliyeitwa kutoka kwa wazazi wake, amekaa katikati yao, shingo juu. Alipoulizwa hakutetemeka hata kidogo. Mwongo aliyekomaa hana haraka.

"Ni kweli niliziba," alisema. "Aliniagiza baba. Aliona uzio hautoshi. Alisema siku moja mianzi itaoza, na macho yake yataangukia kitanda cha mkwe wake. Sasa jamani, mzazi akikuagiza ulinde heshima yake, utamwambia hapana, nataka hewa?"

Watu walitazamana. Lilikuwa neno zuri, tena la adabu. Wazee wawili watatu wakatikisa vichwa kukubali.

"Mbona hukusema siku ile ya kikao?" Tusekile alimkemea.

"Ningeitaja heshima ya baba mbele ya mkwe wake? Wewe una akili?"

Mnaona alivyojifungia? Mtu pekee ambaye angeweza kumkanusha alikuwa Mzee, na Mzee hawezi kuja penye Subilaga. Na kama Subilaga angeondolewa ili Mzee aje, angeondoka amenyamazishwa mara ya pili, na maneno yangebaki ya baba na mwana, yakaishia ndani ya ukoo. Gwakisa alijificha nyuma ya heshima ya baba yake kama mtu anavyojificha mvua chini ya paa la mwenzake. Subilaga aliliona hilo akahisi damu inampanda mpaka machoni. Alikuwa na kweli mkononi, na bado alikuwa anashindwa.

Ndipo uzio wa mianzi ulipolia.

Mzee Mwaisumo hakuzunguka. Aliisukuma ile mianzi kwa bega, akapita katikati ya upupu, akatokea pembeni mwa nyumba, mbele ya watu, anajikuna mikono. Wanawake wazima walijifunika nyuso. Subilaga aliruka kutaka kukimbilia migombani.

"Kaa, mwanangu," alisema Mzee.

Alimtazama usoni. Kisha akamwita kwa jina. "Subilaga."

Hamjui lilivyokuwa zito jambo hilo. Mzee yule alikuwa amekwepa kivuli cha mwanamke huyu tangu alipoolewa. Heshima yake yote, ile iliyofanya watu wamwite kwenye mipaka yao, ilikuwa imejengwa juu ya mambo ya namna hiyo. Aliiweka chini mbele ya watoto wadogo, na alijua hataiokota tena.

"Sikumwagiza azibe," alisema. "Nilimwagiza afungue. Nilimwambia: nyumba yenye watoto ipumue pande mbili, weka madirisha mawili kwangu na matundu juu, nami nitafunga uzio. Uzio niliufunga mwenyewe. Na fremu za madirisha hayo nilizichonga mwenyewe, za mninga, nikamkabidhi. Kila nilipopita pale niligeuza uso kwa ajili ya mkwe wangu, nikiamini nyuma ya mianzi kuna madirisha niliyoyachonga. Mwanangu alijua kwamba sitatazama. Aliujenga wizi wake juu ya heshima yangu."

"Baba, umezeeka, umesahau," alisema Gwakisa.

Kutoka nyuma ya watu ikatoka sauti ndogo. Ilikuwa ya Ambwene, mke wa Gwakisa, mwenye mtoto mchanga mgongoni.

"Fremu za mninga ziko jikoni kwangu," alisema. "Aliniambia amezinunua."

Hapo mdomo wa Gwakisa ukafungwa, na sijui kama ulishawahi kufungwa kabla.

Huo ndio mchango wa Mzee: alisema. Bila yeye, ukuta uliofunguliwa ungekuwa ushahidi wa utiifu wa Gwakisa, na Subilaga angerudi kivukoni na jina lake lile.

*

Ukoo wa Mwaisumo una desturi yake. Kesi ya ndani ikimalizika, mkosaji hapewi adhabu na baraza. Anakabidhiwa kwa mtu mmoja, yule aliyeitoa kweli mafichoni, na mtu huyo anasema neno la mwisho. Neno hilo halikatiwi rufaa, halipunguzwi, na wala halisemwi na watu wawili, maana wawili wataanza kujadiliana na mkosaji atapata mwanya.

"Basi," alisema mjumbe, "neno la mwisho ni la nani?"

Watatu walisimama kwa pamoja.

"Ni langu," alisema Subilaga. "Ni mimi niliyetukanwa, na ni mimi niliyegundua. Nikipewa, nitasema hivi: madirisha yale ayazibe tena kwa mkono wake, kama alivyoyaziba. Kisha alale mle yeye, tangu tone la kwanza la masika mpaka la mwisho. Aanike nguo mle, achemshe maji mle, avute pumzi ya mle. Mchimba kisima huingia mwenyewe. Nataka nipite barabarani nimsikie anakohoa."

"Ni langu," alisema Tusekile. "Yeye alijua, lakini nani aliyefungua? Nilivunja ukuta wa kaka yangu kumuumbua kaka yangu mwingine. Mkinipa, pimamaji yake, mwiko wake, timazi yake, vyote vinakwenda mtoni leo. Asishike tofali tena mpaka anaingia kaburini. Mkono uliofunga nyumba ya mtu nao ufungwe."

"Ni langu," alisema Mzee, na sauti yake ilikuwa chini kuliko zote. "Nyinyi mmepata mlichopoteza. Mmoja karudishiwa jina, mmoja katua mzigo. Mimi nimepoteza mbele yenu, na hakuna wa kunirudishia. Nikipewa neno, huyu si mwanangu. Aondoke leo. Nikifa asije. Mchanga wake usiguse kaburi langu."

Gwakisa alipiga magoti, si kwa Subilaga, kwa baba yake, na Subilaga aliliona hilo pia akaliweka akilini.

Ambwene alisogea mpaka katikati. Alimfungua mtoto mgongoni, akamshika mikononi mbele yao wote watatu. Alikuwa mtoto wa juzijuzi, hata shingo haijakaza.

"Sina neno la kumtetea mume wangu," alisema. "Lakini mimi ni mkewe, na alipo nipo. Akilala kwenye chumba kile, huyu atalala kwenye chumba kile. Mkimtupia zana mtoni, huyu ndiye atakayelala njaa. Mkimfukuza, huyu hana babu. Amueni mnavyotaka. Nataka tu mumwone kabla hamjaamua."

Tusekile aligeuza uso. Mzee alifumba macho. Subilaga hakugeuka wala hakufumba. Alimtazama mtoto yule kwa muda mrefu, na aliona huruma, nisiwafiche, aliiona mpaka ikamuuma. Kisha akamtazama Ambwene.

"Ni mzuri," alisema. "Wangu mlipombakiza mle ndani alikuwa bado ananyonya."

Mjumbe aliwatazama wote watatu, akakosa la kusema. Basi nami nakosa, ndiyo maana nimewaita hapa. Mkimpa Subilaga neno, mnajua litakavyokuwa. Mkimpa Tusekile mnajua, na mkimpa Mzee mnajua. Na msiniambie wasamehe wote, maana sikuuliza hivyo, na nyinyi hamkutupiwa godoro kwenye tope. Mmoja alijua, mmoja alifungua, mmoja alisema. Ondoa yeyote, na Subilaga bado ni Mama Kuvu.

Gwakisa yuko pale amepiga magoti anasubiri, na mvua inakaribia. Je, wewe ungeamua vipi? Neno la mwisho ungempa nani?